Memba wanaopuuza sheria kwenye RP: namna ya kudili nao kabla stori haijafa

Naandika hii maana naona watu wanafungua seva za RP (roleplay, yaani kuandika stori pamoja, kila mtu na mhusika wake) za Kiswahili kwa moto sana, halafu miezi miwili mitatu kimya, na ukiuliza kimetokea nini unaambiwa watu wako bize, shule, kazi. Lakini ukiwafuata waliotoka ukawauliza mmoja mmoja vizuri wanakwambia ukweli, kuna mtu alikuwa anaharibu na hakuna aliyemwambia kitu. Mimi nasimamia RP ya maandishi kwenye Discord, ile programu ya kuchati ambayo kila kundi linaitwa seva, mji wa bandari wa kubuni, kuna majahazi, kuna magendo, kuna koo mbili zinazogombea gati, memba tuko kama sitini, wengi Dar na Mombasa na wachache wako Muscat. Karibu kila nitakachosema hapa nimekijua baada ya kukikosea kwanza.

Kabla hujafanya chochote jiulize huyu mtu anaijua sheria au haijui. Usiniambie alibonyeza kwamba anakubali, kila mtu anabonyeza. Discord inakuruhusu kumwekea mgeni sheria ambazo lazima azikubali kabla hajaandika chochote na watu wanazikubali kwa sekunde mbili bila kusoma hata mstari, hasa ukiwa umeziandika nyingi. Sisi tulikuwa nazo 31, tukapunguza zikabaki 9, na kila moja tukaiwekea posti mbaya na posti nzuri ya tukio lilelile, hapo ndo tukaanza kuona tofauti. Chukua godimodi, yaani kumwamulia mwenzako yanayompata mhusika wake. Ukiandika tu "godimodi hairuhusiwi" mgeni hajaelewa kitu. Muonyeshe: mbaya ni "nampiga nahodha panga, mkono unakatika unadondokea baharini". Nzuri ni "narusha panga kuelekea mkono wa nahodha", halafu unasimama hapo hapo, unamwachia mwenye nahodha aseme kama amekwepa au ameumia. Metagemu nayo hivyo hivyo, mhusika wako yuko shamba huko, wewe mwenyewe umekaa kitandani umesoma kwenye chaneli ya ghala kwamba mzigo unashushwa usiku huu, ghafla mhusika wako naye "amejisikia tu" kwenda ghalani. Amejuaje? Kama huwezi kujibu ndani ya stori amejuaje, futa.

Sasa mtu akivunja mara ya kwanza, jibu siku hiyohiyo, na hili ndilo nataka ulishike kuliko yote. Siyo adhabu, jibu tu. Wale wengine wote wanajifunza sheria kwa kuangalia umeachia nini, ukiachia godimodi moja Jumatatu basi Alhamisi unazo tano, na huyu wa tano ukimgusa atakuuliza mbona yule hukumgusa, na hutakuwa na jibu. Wanaoandika vizuri nao hawalalamiki, hawana tabia hiyo, wanapunguza posti pole pole mpaka siku moja huwaoni.

Namna tunavyofanya: kwenye chaneli yenyewe unaweka mstari mmoja nje ya stori, sisi tunatumia mabano mawili, kitu kama "((tusimame hapa kidogo, kuna posti inarekebishwa, msijibu bado))". Basi, usimtaje mtu, usianze kufundisha mbele za watu. Halafu unamfuata inboksi. Meseji yangu huwa inakaa hivi:

"Mambo kaka. Ile posti yako ya saa tatu usiku pale gatini umeandika nahodha amekatika mkono, hapo umemwamulia mwenzako. Naomba uiediti iishie pale unaporusha panga, yeye atajibu mwenyewe. Ukimaliza niambie nifungue tuendelee. Na kama kuna kitu mimi sijakielewa niambie pia."

Imetaja posti ipi, kosa gani, afanye nini sasa hivi, na imemwachia nafasi ya kusema. Hakuna "wewe kila siku", hakuna "watu wamekuchoka". Hilo la watu wamekuchoka ni baya sana, maana ataanza kutafuta ni nani kasema na umeshahamisha ugomvi kwa memba wengine. Kwa wageni wengi meseji hii moja tu inatosha, wanaediti, wanaomba radhi, maisha yanaendelea.

Kuna ishu ya umri ambayo sijaona watu wanaiongelea. Seva zetu unakuta moda (msimamizi wa seva) ana miaka 20 na anayevunja sheria ni mtu wa 38 mwenye watoto, na moda anaogopa, au anajikaza mpaka anaongea kama anamfokea mdogo wake, yote mawili yanaharibu. Ukijua ni mtu mzima mwamkie kama ungemwamkia nje, shikamoo kaka, pole na majukumu, kisha mwambie kosa bila kulipunguza. Heshima iko kwenye namna ya kuongea, sheria inabaki ileile. Nimeona watu wazima wakipokea vizuri kabisa wakiambiwa hivyo, kumbe kilichokuwa kinawaudhi ni ile lugha.

Na usikimbilie kuhukumu. RP za wenzetu zina sheria kali kuhusu mtu anayetoroka katikati ya ugomvi ili mhusika wake asife, wanamhesabu kakimbia na anaadhibiwa. Ukiichukua hiyo kama ilivyo ukaileta kwetu utaonea watu, maana hapa bando linaisha, umeme unakatika, mtu yuko kwenye daladala simu imebaki asilimia mbili. Sisi tunampa saa 24. Akirudi akasema bando liliisha tunaendelea tulipoachia, hatumuulizi ushahidi. Ikiwa bando lake linaisha kila mara anapokaribia kupigwa tu, na kwenye stori za mapenzi haliishi kamwe, hapo sasa unaweza kumuuliza.

Ushahidi weka mapema. Piga skrinshoti kabla hujamwandikia, siyo baada, kwa sababu mtu akiediti au akifuta posti yake mwenyewe Discord haikuachii kumbukumbu ya alichokuwa ameandika. Auditi logi inaonyesha vitu walivyofanya wasimamizi, na nayo inakaa siku 45 tu. Tunayo chaneli ya wasimamizi peke yao, kila kesi mistari mitatu: tarehe, kosa, alichoambiwa, na skrinshoti chini. Inasaidia sana mkishakuwa moda wanne, la sivyo kila mmoja anatoa onyo la kwanza na huyo jamaa anaishi na maonyo ya kwanza manne.

Kosa kubwa ambalo wasimamizi wengi tunafanya, na mimi nimelifanya zaidi ya mara moja, ni kumwadhibu mtu ndani ya stori. Unaona jamaa anavunja sheria, badala ya kumfuata inboksi unawatuma askari wa bandari wamkamate mhusika wake, unamtupa gerezani, unasema atajifunza. Hajifunzi. Umempa tukio kubwa kuliko la mtu yeyote mwezi huo, kila mtu anamwandikia yeye, kuna kesi, kuna kutoroka gerezani, na wale wanaofuata sheria wamekaa pembeni wanasubiri zamu. Halafu na yeye ana haki ya kujitetea ndani ya stori, askari wako watano anawapiga wote peke yake, umerudi kwenye godimodi tena ila sasa na wewe umo ndani. Mhusika anaweza kuwa mwizi, muuaji, msaliti, hiyo ni stori na ndiyo raha yake, aliyevunja sheria ni mtu aliyeshika simu, na yeye ndiye wa kuongea naye.

Akirudia baada ya kuambiwa, ngazi zetu ni fupi. Mara ya pili onyo la maandishi ambalo moda wote wanaliona. Mara ya tatu taimauti. Kwenye Discord unachagua kuanzia sekunde 60 hadi wiki 1, na kwa muda huo anasoma kila kitu ila hawezi kuandika wala kuweka reaksheni wala kuongea kwenye voisi. Mimi naipenda siku moja kwa hasira za ghafla na wiki nzima kwa mtu anayejua anachofanya. Kama fujo ni ya watu wengi kwa pamoja usihangaike na mmoja mmoja, weka slomodi kwenye hiyo chaneli, yaani kila mtu asubiri kabla hajaposti tena, inaweza kufika hadi saa 6 kati ya posti na posti lakini dakika tano tu zinatosha watu kupoa. Mara ya nne bani, yaani kumfukuza na kumfungia asirudi, na wakati wa kumpiga bani una uchaguzi wa kufuta meseji zake za hadi siku 7 nyuma. Fikiria kabla hujachagua, maana ukizifuta umetoboa na stori za wenzake waliokuwa wanajibizana naye.

Hayo yote ni rahisi kama mtu hapendwi. Shida ni yule anayependwa. Tulikuwa na mwandishi mmoja, sijaona mtu anayeandika bandari kama yeye, unasikia harufu ya papa mkavu na lami, watu walikuwa wanajiunga kwa sababu yake. Na alikuwa anamwamulia kila mtu. Mhusika wake hakushindwa hata siku moja. Ukimgusa anasema stori ingekuwa mbaya kama angeshindwa hapo, na kiukweli mara nyingine alikuwa sahihi, posti zake zilikuwa nzuri kuliko zetu. Nilimwachia miezi mitano, nikijiambia bila yeye seva itakufa. Kwa miezi hiyo waliondoka memba tisa, nimekuja kuhesabu baadaye, na saba kati yao posti yao ya mwisho ilikuwa tukio waliloandika na yeye. Nilipokuja kumwambia nilimwambia kama ningemwambia mgeni, posti ipi, kosa gani, afanye nini. Alikataa akaondoka mwenyewe, akaenda na watu wanne. Wiki mbili palikuwa kimya nikajua basi imekwisha, wiki ya tatu akarudi mmoja wa wale tisa akauliza kama yule bado yupo. Kwa hiyo ukianza kupiga hesabu ya nani ukimgusa seva itakufa, hesabu na walioondoka tayari.

Na usiamue peke yako kesi nzito, hata kama wewe ndo mwenye seva. Hili tatizo ni la zamani kuliko Discord. Mwaka 1993 kulikuwa na ulimwengu wa maandishi matupu unaitwa LambdaMOO, ulikuwa unaendeshwa na Pavel Curtis kwenye kompyuta za Xerox PARC huko California, na jioni moja mtu aliyejiita Mr. Bungle akatumia kiprogramu kuwaandikia wahusika wa wenzake vitendo vya ukatili wa kingono mbele ya watu, wenyewe wasingeweza kuzuia maneno yanayotoka kwa majina yao. Ukiitazama ni kumwamulia mtu mhusika wake, ileile, ila imefikishwa mwisho kabisa. Waliohusika waliumia kweli, siyo wahusika, watu. Memba wakajadiliana hawakufikia uamuzi, mwishoni msimamizi mmoja akamfuta peke yake, na baadaye yule mtu akarudi na jina lingine. Curtis akaona haiwezi kuendelea hivyo, akaweka utaratibu wa memba kuleta maombi na kupigiwa kura. Sisi seva ndogo hatuhitaji kura, lakini kwa bani tunataka moda watatu wakubaliane kwa maandishi, na kama moda mmoja ndo mwenye ugomvi na huyo mtu anakaa pembeni.

Kuna vitu havina ngazi. Mtu mzima anayempeleka mtoto kwenye stori za kingono, hata kwa "utani", Discord inakubali watu kuanzia miaka 13 kwa hiyo watoto wamo, na likizo zikifika wanaongezeka. Mtu anayetoa picha au namba ya mwenzake. Mtu anayemfuata memba inboksi baada ya kuambiwa aache. Hao hapohapo bani, unaripoti kwa Discord na skrinshoti, ndipo unawaandikia moda wengine. Kwenye hizi kesi ile kanuni ya moda watatu inasubiri.

Ukishamaliza na mkosaji rudi kwa aliyekosewa, watu wanasahau kabisa hii sehemu. Muulize anataka tukio lifanyweje: lifutwe kama halikutokea, lirudishwe nyuma mpaka posti fulani, au libaki aendelee nalo. Yeye ndiye achague, siyo wewe na siyo wingi wa watu. Yule mwenye nahodha, nilidhani atataka mkono wake urudi. Akasema uache ulivyo, ila aandike yeye mwenyewe namna ulivyokatika, na akaandika posti ndefu mpaka saa nane usiku, nahodha anafungwa kitambaa na mpishi wa jahazi, na wiki hiyo yote watu walikuwa wanaiandikia hiyo.