Kununua kibanda cha mabati kilichotumika Mombasa bila kutapeliwa

Kibanda cha mabati cha kuhamishika ndicho duka la kwanza la watu wengi hapa Mombasa: wakala wa M-Pesa, kinyozi, muuza viazi karai, fundi simu. Kikiwa kimetumika bei hushuka, na hapo ndipo matapeli hujipenyeza, maana mnunuzi ana haraka ya kuanza biashara na akiba yake yote iko kwenye simu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Natengeneza vibanda vipya, nakarabati vikuukuu, na wateja huniita nikague kabla hawajalipa. Utaratibu ninaoufuata ndio huu.

Kwanza elewa unanunua nini. Unanunua chuma, mabati na mbao. Hununui mahali, hununui leseni, wala hununui mita ya stima. Utapeli mwingi ninaouona hujificha katika vitu hivyo vitatu, ambavyo muuzaji hana haki ya kukuuzia.

Hatua ya 1: Pata mahali kabla ya kibanda

Ukisikia "nauza kibanda pamoja na nafasi yake, iko kando ya barabara, wateja tele", uliza nafasi hiyo ni ya nani. Ukanda wa kando ya barabara ni hifadhi ya umma, chini ya mamlaka za barabara au kaunti. Aliyekaa hapo miaka mingi bado hana cha kuuza. Utamlipa pesa nyingi kwa ajili ya nafasi, kisha siku ya bomoabomoa ubaki na mabati yaliyokunjika. Leseni ya biashara nayo hutolewa kwa jina la mwenye biashara na kwa mahali maalumu, kwa hiyo ya mwenzako haitakulinda askari wa kaunti wakipita. Mita ya tokeni ni mali ya Kenya Power. Kama ina deni, linaweza kukusubiri wewe.

Zungumza na mwenye ploti au ofisi ya kaunti, upewe ruhusa kwa maandishi, kisha pima nafasi kwa futi. Usisahau dirisha linalofunguka kwa juu na upande unaofungukia mlango.

Hatua ya 2: Jua bei

Nenda kwa mafundi wawili au watatu wa jua kali, uliza kibanda kipya cha ukubwa unaoutaka ni pesa ngapi. Halafu uliza wanunuzi wa vyuma chakavu wanalipa vipi kwa kilo. Bei ya haki iko katikati ya hizo mbili. Anayekuuzia kwa bei ya chuma chakavu kitu kinachoonekana kizima, ama kimeibwa, ama hakipo.

Hatua ya 3: Chuja tangazo kwa simu

Picha za matangazo huibwa kila siku. Angalia nyuma ya kibanda: kama kibao cha duka la jirani kinataja mji mwingine, umeshapata jibu. Mwombe muuzaji akupigie simu ya video akiwa amesimama pale, akizunguke kibanda chote, afungue mlango na akuonyeshe sakafu. Mkweli hufanya hivyo bila shida.

Tapeli utamjua kwa hadithi yake. Yuko Nairobi au ng'ambo, mlinzi ndiye atakayekuonyesha, kuna mteja mwingine anakuja saa nane, kwa hiyo tuma arbuni akushikie. Mwingine ataomba nauli ya lori tu, "kibanda utalipa kikifika". Lori halitafika. Usitume hata shilingi moja kabla hujakigusa kibanda kwa mkono wako.

Hatua ya 4: Kikague saa sita mchana

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi zaidi, kwa hiyo ipe muda. Hewa ya chumvi ya Pwani hula chuma haraka, na vibanda vilivyokaa karibu na bahari, Nyali au Likoni, huoza kuanzia chini huku juu vikimetameta.

Ingia ndani jua likiwa kali, funga mlango na madirisha, tulia macho yazoee giza. Kila tundu litajionyesha kwa mwanga. Yahesabu ya paa, maana masika hayana huruma kwa bidhaa za dukani.

Toka nje, piga magoti, uangalie fremu ya chini. Hiyo ndiyo inayobeba kila kitu siku ya kuhamisha. Igonge kwa nyundo ndogo pande zote: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumwaga vumbi la kutu. Chomeka bisibisi kwenye pembe na kwenye viungo vilivyochomelewa. Ikizama, fremu hiyo itakatika kikinyanyuliwa.

Rangi mbichi inastahili shaka. Wapo wanaojaza matundu kwa puti, wakasugua na kupaka rangi juu. Chukua sumaku uipitishe taratibu ukutani. Penye chuma itashika, penye puti nene italegea au kuanguka. Mwulize pia geji ya bati. Kadiri namba inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, yaani geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Muuzaji anayejisifu kwamba "32 ndiyo nzito" ama hajui anachouza, ama anakudanganya, na ukuta wake mwizi ataukata kwa mkasi wa bati.

Malizia kwa bawaba, komeo na sakafu. Inua ukingo wa plaiwudi utazame kama kuna mchwa.

Hatua ya 5: Hakikisha ni chake

Acha muuzaji azungumze na wewe, kisha rudi siku nyingine peke yako uwaulize majirani: mama anayekaanga mihogo pembeni, mlinzi wa usiku, mwenye ploti. Hasa mwenye ploti. Kisa ninachokutana nacho sana ni cha muuzaji anayedaiwa kodi. Anachukua pesa, anatoweka, na siku unayokuja na lori mwenye ploti anasimama mlangoni akisema kibanda hakitoki mpaka alipwe miezi yote. Mwulize uso kwa uso kama kuna deni, tena mwombe awe shahidi siku ya kulipa.

Kibanda chenye rangi na nembo ya kampuni ya soda au ya simu kitazame mara mbili. Mara nyingi kampuni humpa mfanyabiashara akitumie, lakini mali inabaki ya kampuni. Taka barua ya kampuni inayoonyesha amepewa au ameuziwa.

Kibanda kinaweza pia kuwa dhamana ya mkopo. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, Kenya ina sajili ya mikopo ya namna hiyo, na unaweza kumtafuta muuzaji humo. Kwa kibanda cha bei kubwa, fanya hivyo. Ukinunua mali ya wizi, mwenyewe ataichukua hata kama ulilipa, na anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14.

Hatua ya 6: Andikeni, kisha lipa kibanda kikiwa juu ya lori

Karatasi moja inatosha: majina na namba za vitambulisho, vipimo na rangi ya kibanda, bei, tarehe, sahihi zenu na za mashahidi wawili. Piga picha kitambulisho chake. Mzee wa mtaa akiwepo ni bora zaidi.

Muuzaji aking'ang'ania arbuni, mpe kidogo, na iandikwe kwenye karatasi hiyo. Salio litoke kibanda kikiwa kimefungwa kwa kamba juu ya lori. Unapotuma kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha muamala. Likitofautiana na la kitambulisho, simama. "Hiyo ni laini ya mke wangu" si maelezo ya kutosha. Ukishagundua umetapeliwa, peleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 ya Safaricom papo hapo ukiomba pesa zirudishwe, maana zikishatolewa ni vigumu kuzipata. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.

Hatua ya 7: Kukihamisha

Kanta, yaani lori dogo, na vijana wanne hadi sita hutosha kwa kibanda kidogo. Kikubwa kinataka lori lenye kreni. Pita njia mapema uangalie nyaya za stima zilizoning'inia na vichochoro vyembamba. Kama unaenda Kusini, linganisha foleni ya feri ya Likoni na barabara ya Dongo Kundu kabla ya kukubaliana na dereva. Elewaneni bei yote, pamoja na kushusha, kabla kibanda hakijainuliwa.

Kikifika kiweke juu ya matofali ya saruji, kisiguse udongo. Kwangua kutu ya chini na upake rangi ya kuzuia kutu kabla hujapanga bidhaa. Kufuli zote zibadilishe siku hiyo hiyo, kwa sababu waliokikodi kabla yako huenda bado wana funguo.