Kupima kipande cha faiba: tafuta kasoro kwanza, ndo uvunje

Wengi wakipata kipande cha faibaglasi au kaboni (kompoziti, yaani tabaka za faiba zilizogandishwa kwa gundi iitwayo rezini) wanakimbilia mashine ya kuvuta, wanapata namba, ripoti imeisha. Namba hiyo haina maana kama hujui ndani kulikuwa na nini, kwa hiyo twende taratibu.

Hatua ya 1, macho. Laza tochi karibu kabisa na uso wa kipande ili mwanga upite ubavuni, utaona mikunjo, vibonyeo na sehemu zilizokosa rezini. Ukiona alama ya kugongwa usiidharau hata kama ni ndogo, geuza uangalie nyuma, maana pigo huwa linatanuka kadiri linavyoingia ndani.

Hatua ya 2, gonga. Chora miraba kwa chaki, chukua sarafu, gonga mraba mmoja mmoja na usikilize. Pazima panalia ti-ti-ti kwa ukali, ukifika penye tabaka zilizoachana sauti inakuwa nzito, du, hapo zungushia alama. Ila ujue kwanza wapi unene unabadilika au kuna mbavu ya kuimarisha nyuma, kwa sababu napo sauti inageuka na kipande ni kizima kabisa. Kasoro ndogo au ya kina sarafu haiioni, hapo ni ultrasauti, kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na kusoma mwangwi wake, na usisahau kupaka jeli kati ya kifaa na kipande, hewa inazuia mawimbi. Mwangwi mpya ukitokea mapema na ule unaotoka uso wa nyuma wa kipande ukapotea, tabaka zimeachana. Huo wa uso wa nyuma ukififia tu bila mwangwi mpya, shuku vipovu.

Hatua ya 3, kata sampuli na uvute. Kwa faiba zilizolala upande mmoja ASTM D3039 (kiwango cha kupima mvuto wa kompoziti) inapendekeza urefu wa mm 250, upana 15, unene 1, na sampuli zisipungue 5. Kata kwa diski ya almasi, piga msasa kingo, na hakikisha faiba zimenyooka na mvuto, zikienda upande hata digrii moja nguvu inashuka. Bandika vibao kwenye ncha ili meno ya mashine yasitafune sampuli, halafu vuta mm 2 kwa dakika.

Ikishavunjika usiitupe!! Hapa ndo penye kazi yenyewe. Imekatikia wapi? Ikikatikia kwenye meno au pembeni yake, na nyingi zikafanya hivyohivyo, umepima mashine inavyobana, hujapima kompoziti, rekebisha vibao urudie. Ikifumuka kama brashi katikati, sawa.

Hatua ya 4 wengi wanairuka na inaniuma sana. Mvuto unabebwa na faiba, kwa hiyo tabaka zilizoachana zinaweza kupita mtihani bila kuonekana, ila kwenye mgandamizo zinapinda na kufeli mapema. Fanya mgandamizo, na pinda boriti fupi kwa kiwango cha ASTM D2344 uone tabaka zinavyoshikana. Kiasi cha rezini kwenye faibaglasi kipate kwa kuichoma tanurini kwa digrii 565 za Selsiasi, kaboni usiifanyie hivyo, nayo itaungua, tumia asidi.