Alati ya sensa kwenye swichi, uanzie wapi

Ukipata alati (onyo) kwamba sensa, yaani kipimo cha joto au mwanga ndani ya swichi ya mtandao, imevuka kikomo, usikimbilie kuzima na kuwasha swichi, maana ukiizima ushahidi mwingi unapotea. Ingia kwanza, cheki ni sensa ipi, inasoma ngapi na kikomo chake ngapi, halafu fungua grafu: joto likipanda polepole wiki nzima mara nyingi ni vumbi au feni imechoka, ila likiruka ghafla mpaka 255, joto lisilowezekana, hapo mara nyingi sensa yenyewe ndo inadanganya. Kama ni mwanga wa SFP (moduli ndogo ya kuchomekea faiba) umeshuka, safisha vichwa vya faiba kabla hujanunua moduli mpya, na usichungulie ndani, leza yake huioni lakini jicho linaumia! Alati inayowaka na kuzima kila dakika inaudhi kweli, weka kwa mfano iwake joto likifika digrii 70 na izime likishuka hadi 65.