Kufungua soko jipya la nje kwa chakula na vinywaji: fuata hatua hizi

Nimetoka kumsaidia msindikaji wa karanga aliyezoea kuuza nchi jirani na sasa analenga Ulaya. Nitatumia karanga kama mfano, lakini njia ni hiyohiyo kwa kahawa, viungo au juisi.

1. Pata msimbo wa HS, yaani namba ya kimataifa inayotambulisha bidhaa yako forodhani. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kila nchi inayotumia mfumo huo. Karanga mbichi ziko 1202. Ukizikaanga au kuzisaga kuwa siagi, zinahamia 2008.11, na ushuru unaweza kubadilika. Uhakiki mwenyewe, usimwachie wakala wa forodha.

2. Chagua soko moja. Moja tu. Ingiza msimbo kwenye Trade Map, tovuti ya takwimu za biashara ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa (ITC), uone nani anaagiza na anaagiza kutoka wapi. Mimi huanza na takwimu hizo kabla ya maonyesho ya biashara. Banda ni ghali, na ukirudi na kadi za wanunuzi wa nchi kumi utajikuta unafuatilia sheria za nchi kumi.

3. Soma kikomo cha sumu cha soko hilo, kisha pima kama wao wanavyopima. Hapa ndipo mizigo mingi inapokwama, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwa karanga zinazokwenda moja kwa moja kwa mlaji, Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 4 za aflatoksini (sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu) kwa kilo, na aina yake ya B1 peke yake isizidi 2. Marekani kikomo ni 20. Mzigo mmoja unaweza kupita upande huu na kukataliwa upande ule, kwa hiyo cheti kinachosema "salama" bila namba hakikusaidii.

Kazi kubwa ni sampuli. Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na gunia la pembeni likawa safi. Yule msindikaji alikuwa na majibu mazuri ya maabara, ila sampuli yenyewe ilikuwa nusu kilo iliyochotwa midomoni mwa magunia ya mbele. Wakaguzi wa Ulaya huchota sehemu nyingi za shehena, na kwa shehena kubwa sampuli ya jumla inaweza kufika kilo 20. Tukafanya hivyohivyo: bambo (chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli) likaingia hadi katikati ya magunia, ya juu, ya chini na ya nyuma, na sampuli ikasagwa yote na kuchanganywa kabla ya kupima. Namba ikapanda. Tukarudi kuchambua punje zilizosinyaa na kubadilika rangi, tukapima upya.

Mambo mengine ya kuangalia:
- Pima baada ya kuchambua na kufungasha, si kabla.
- Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji), na ithibati hiyo itaje kipimo unachokihitaji. Omba orodha uisome.
- Kontena hutoa jasho safarini, na unyevu hurudisha ukungu. Weka vifyonza unyevu, na usipakie karanga ambazo hazijakauka vizuri.

4. Lebo. Ulaya ina makundi 14 ya viambato vyenye mzio, na lazima yaonekane wazi ndani ya orodha ya viambato. Marekani yako tisa. Ufuta uliongezwa tarehe 1 Januari 2023. Mvinyo wenye salfaiti (kihifadhi) miligramu 10 au zaidi kwa lita Marekani hutamka hivyo kwenye lebo. Kanada inataka Kiingereza na Kifaransa. Mpe mwagizaji mchoro wa lebo auidhinishe kwa maandishi kabla hujachapisha.

5. Sajili kiwanda pale inapotakiwa. Marekani ni FDA (mamlaka ya chakula na dawa), na usajili huhuishwa kila mwaka wa namba shufwa, kati ya Oktoba na Desemba. China imepanua masharti yake ya usajili tangu Januari 2022.

6. Masharti ya bei. Haya husema jukumu lako linaishia wapi. Kwa kontena napendelea FCA kuliko FOB (ambapo jukumu lako huisha mzigo ukishapakiwa melini), kwa sababu unakabidhi mzigo kwa msafirishaji na hubebi hatari ya bandarini usiyoisimamia.

7. Nyaraka. Ankara, orodha ya ufungashaji, cheti cha uasilia, cheti cha afya ya mimea. Jina la bidhaa na uzito visomeke sawa kote. Paleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, unaoonyesha kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu.

Baki na sehemu ya sampuli uliyopima, imefungwa na kuandikwa namba ya shehena, mpaka muda wa matumizi ya bidhaa upite. Mnunuzi akilalamika, utaipeleka maabara siku hiyohiyo.