Namna Jiji Kubwa Linavyoweza Kujenga Utamaduni wa Michezo kwa Wote

Halmashauri ya jiji inayotaka wakazi wake washiriki michezo haina budi kuanza na ramani kabla ya kufikiria uwanja mkubwa. Ioneshe kila kiwanja, bustani na shule, kisha itafute mitaa ambayo mtoto au mzee hawezi kufika mahali pa mazoezi kwa miguu bila kuvuka barabara ya hatari. Fedha za kwanza ziende huko. Uwanja wa watazamaji elfu hamsini una fahari yake, lakini mechi ya soka ikianza, wanaocheza ni 22 tu.

Hatua ya pili ni kuweka siku na saa zisizobadilika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kiasi ambacho bonanza la mara moja kwa mwaka haliwezi kukifikia. Jiji la Bogotá nchini Kolombia lilianza kufungia magari baadhi ya barabara zake mwaka 1974. Leo, kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, zaidi ya kilomita 100 huachiwa waendesha baiskeli, wakimbiaji na watembea kwa miguu. Kwa kuwa ratiba haiyumbi, watu huizoea na kupanga mambo yao kwa kuifuata. Anayeiahirisha kwa sababu ya ziara ya kiongozi anaubomoa mpango wake mwenyewe.

Viwanja vya shule vifunguliwe baada ya masomo, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja nani atashika ufunguo, nani atalipia taa na maji, na nani atawajibika mtu akiumia. Mambo haya yanaonekana madogo, ila mipango mingi ya aina hii hukwama kwenye ufunguo.

Suala linalohitaji uangalifu zaidi ni nani hasa anayetumia viwanja. Mjini Vienna, nchini Austria, katika miaka ya 1990, ilibainika kwamba wasichana hupungua bustanini wakikaribia umri wa miaka 10, huku wavulana wakibaki. Kizimba cha mpira, yaani kiwanja kidogo kilichozungushiwa uzio, chenye mlango mmoja hutekwa kwa urahisi na kundi lililotangulia, na mwingine hathubutu kupita katikati yao. Jiji liliongeza milango, njia, na sehemu za voliboli na badminton, na wasichana wakaanza kurejea. Kwa hiyo, kabla ya kujenga, waulizwe wasichana, wazee na wenye ulemavu. Mara nyingi watataja choo, mwanga, na njia inayopitika kwa kiti cha magurudumu kabla ya kutaja mchezo wowote.

Makocha wa mitaani walipwe posho, kwani kujitolea pekee huchosha. Hatimaye, watumiaji wahesabiwe kwa jinsia na umri, asubuhi na jioni, na bajeti ya mwaka unaofuata igawanywe kwa kufuata hesabu hiyo.