Bustani ya nyumbani Dar: upande nini masika, kipupwe, vuli na kiangazi

Wengi wetu Dar tuna udongo wa kichanga, unamwaga ndoo nzima asubuhi ikifika saa nne pamekauka utadhani hujamwagilia, kwaiyo kabla hujanunua mbegu shughulika na ardhi kwanza. Tafuta samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ile ukiishika inasagika na hainuki tena, uichanganye na udongo wa juu, usione uchoyo. Ya kuku nayo ina nguvu sana ila mbichi inaunguza miche, irundike pembeni miezi miwili mitatu uwe unaigeuza.

Sasa masika. Mvua ikianza watu wanakimbilia kupanda nyanya kwa sababu maji ni ya bure, jamani naomba msifanye hivyo. Mi nilipanda mashina ishirini na kitu mwezi wa tatu, yakabeba vizuri mpaka majirani wanasimama kuangalia, mvua ikapiga siku nne mfululizo alafu asubuhi nakuta mashina matatu yamelala, majani bado ya kijani kabisa lakini yamelegea kama yamechemshwa. Nikamwagilia nikijua ni jua, kesho yake saba. Iliniuma sana. Ule ni mnyauko bakteria, na namna ya kuutambua ni hii: kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi usiitikise, subiri dakika chache, ukiona uzi mweupe kama moshi unashuka kutoka kwenye kidonda basi ndo wenyewe. Hauna dawa. Ng'oa na mizizi yake, choma, na hilo tuta usirudishie nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, maana hao wote ni ukoo mmoja na bakteria anabaki kwenye udongo.

Masika panda matembele. Chukua vipando vya kama sm 30, zika zaidi ya nusu, tuta liwe limeinuka shubiri nzima ili maji yapite, baada ya mwezi na kidogo unaanza kuchuma na unaendelea tu kuchuma.

Nyanya subiri kipupwe. Sia kitalu mwanzoni mwa mwezi wa tano chini ya kivuli chepesi na pasiponyeshewa, mwezi wa sita unahamisha jioni, nafasi nusu mita shina hadi shina, weka fito mapema uzifunge, majani ya chini yanayogusa udongo yatoe. Hiki ndo kipindi kitamu kuliko vyote, hewa imepoa, chainizi na sukuma wiki zinajaa, unatoka na bakuli tu unarudi na mboga ya mchana. Ila pindua majani kila siku mbili tatu. Ukikuta vidukari vimejazana chini ya jani la sukuma, ponda majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni ya maji kidogo upulizie jioni, maana mchana jua linaiua nguvu. Kantangaze wa nyanya, yule mdudu ambaye funza wake wanakula ndani ya jani, ni mgumu zaidi, jani likionyesha mabaka meupe kama karatasi na ndani kuna funza, lichume hapohapo ukalichome, usilitupe chini.

Vuli weka bamia na kunde. Mbegu za bamia zilale kwenye maji usiku mmoja, zikianza kuzaa chuma kila baada ya siku mbili, ukisahau wiki zinakuwa kamba. Mchicha nao unakubali, changanya mbegu na mchanga mkavu maana ni ndogo mno, wiki ya tatu au ya nne unang'oa.

Kiangazi cha mwezi wa kwanza na wa pili, hasa maji yakiwa ya mgawo, punguza. Bakisha matuta mawili, tandaza majani makavu juu, mwagilia alfajiri na jioni kwenye shina sio juu ya majani. Mi hapo huwa naacha mashina matano ya mchicha yaliyonona yachanue, nakata masuke yakikauka, napukutisha kwenye ungo, napeta, naweka kwenye chupa kavu ya soda na majivu kidogo. Chupa moja inatosha mwaka mzima na jirani unamgawia.