Je, kompyuta yako ya zamani itaimudu Windows 11?

Anza na prosesa, kabla hujatoa hela ya kumbukumbu (RAM) au diski, kwa sababu hiyo ndiyo isiyo na dawa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Kwenye mstari wa Processor, ukiona i5-8250U ya Intel, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi, nayo inakubalika. I5-7200U imeachwa nje. Kwa AMD tafuta Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu, lakini si zote za 2000 zimo, hivyo linganisha jina kamili na orodha ya Microsoft.

Prosesa ikifaa, fungua tpm.msc kwa njia ileile, ili uangalie TPM, yaani chipu ya usalama. Inatakiwa toleo la 2.0. Ukiambiwa TPM haipo, usikate tamaa: mara nyingi ipo ila imezimwa. Iwashe kwenye BIOS (mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka), kwa jina la PTT upande wa Intel au fTPM upande wa AMD. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha Windows, nakili kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48, maana kompyuta inaweza kuudai ikiwaka.

Hapa ndipo wengi huumia. Katika msinfo32, mstari wa BIOS Mode ukisema Legacy, usikimbilie kubadili kuwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta ambayo Windows 11 inaitaka. Diski huenda ina mpangilio wa zamani wa MBR, badala ya GPT unaoendana na UEFI, na Windows haitawaka. Hifadhi mafaili yako kwingine, fungua Command Prompt kama msimamizi, kisha:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikipita, rudia ukiweka /convert badala ya /validate, ndipo uende BIOS kuweka UEFI. Ikigoma, hesabu sehemu kuu za diski (primary partitions): zikiwa nne, lazima moja iondoke.

RAM inayotakiwa ni GB 4 na diski GB 64, lakini kwa GB 4 utateseka, weka 8. Diski ya kuzunguka ibadilishe iwe SSD. Hakuna kifaa kingine kitakachobadilisha mwendo wa mashine ya zamani kiasi hicho.

Zipo mbinu za kuruka masharti haya, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 haliwaki kabisa kwenye prosesa isiyo na SSE4.2, seti ya amri ambayo prosesa za zamani sana hazina. Kwa kuwa Windows 10 iliisha muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta iliyokataliwa ni heri uijaribu na Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kutoka kwenye flashi: inawaka bila kugusa diski, nawe utajua mapema kama Wi-Fi na sauti vinafanya kazi.